Namna ya Kwenda Opera Ulaya Ukitokea Nakuru, na Kuaminika

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil au Naivasha aliyeamua, bila kushauriwa na daktari wala mchungaji, kusafiri hadi Ulaya kusikiliza opera. Hauwahusu wanaokwenda kusoma, kutibiwa, kuolewa, kukimbia marathoni au kuuza maua. Hao njia yao inajulikana na maelezo yao yanakubalika. Wewe unakwenda kukaa mahali usiku, uwatazame watu wazima wakiimba kwa lugha usiyoijua, kisha urudi nyumbani. Hapo ndipo penye shida. Opera yenyewe ni nyepesi. Kazi ni kumfanya mtu yeyote, kuanzia shangazi yako hadi afisa wa mpakani, aamini kwamba safari ni hiyo tu na hakuna nyingine iliyofichwa nyuma yake.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Ukiruka moja, utaulizwa.

Hatua ya 1: Chagua tamasha linaloendana na mgongo wako

Kila kiangazi Ulaya hujaa matamasha ya opera, nayo hutofautiana hasa kwa namna yanavyomtesa msikilizaji.

Bayreuth, Ujerumani, ni la wenye imani kali. Richard Wagner alijijengea jumba lake mwenyewe, akalifungua mwaka 1876 ili ziimbwe kazi zake mwenyewe. Kubwa kuliko zote, Ring, huchukua jioni nne na takribani saa 15. Viti ni vya mbao, havina pa kuegemeza mkono, na safu hazina njia katikati, kwa hiyo ukishaingia umeingia. Ukichelewa, mlango umefungwa. Kwa miongo mingi wapenzi wa Wagner waliomba tikiti mwaka baada ya mwaka kabla ya kupata moja. Aliyewahi kufuatilia hatimiliki ya shamba Mau Narok anaweza kulimudu tamasha hili.

Glyndebourne, Uingereza, lilianzishwa 1934 na John Christie, tajiri mwenye shamba aliyeoa mwimbaji wa soprano, Audrey Mildmay. Hapa watu huvaa suti nyeusi na magauni marefu, halafu katikati ya onyesho hutoka kwa mapumziko ya takribani dakika 90, wakaketi nyasini kula chakula baridi walichokibeba wenyewe, huku kondoo wakiwatazama kutoka ng'ambo ya mtaro. Mtu wa Molo atajiuliza kwa nini alipe kiasi hicho ili ale akitazamwa na kondoo. Ni swali zuri. Kuna kero nyingine ndogo: ukisema unapitia London, jirani atauliza pasipoti ni ya nini, ilhali matatu ya mtaa wa London unaipanda hapa hapa mjini na kushuka kabla hujafika jaa la Gioto.

Salzburg, Austria, lipo tangu 1920. Ni zuri. Ni ghali. Tuendelee.

Bregenz, pia Austria, lilianza 1946, na jukwaa lake limesimama ndani ya Ziwa Constance. Msimu wa 2024 na 2025 walijenga humo kijiji kizima kilichozama nusu, nyumba zimeinama, maji yamefika milangoni, na maelfu ya watu wakalipa ili kukitazama. Wakazi wa Kihoto, Naivasha, ambao ziwa limewaingilia sebuleni zaidi ya mara moja, wanashauriwa kutolichagua tamasha hili. Wanaweza kudhani wanadaiwa kiingilio.

Linabaki Verona, Italia, na ndilo tutakalolifuata. Limekuwapo tangu 1913, hufanyika kwenye kiwanja cha mawe kilichojengwa na Warumi katika karne ya kwanza, huchukua zaidi ya watu elfu kumi kwa usiku mmoja, na lina viti vya bei nafuu. Viti vyenyewe ni mawe. Ni yale yale ya Warumi.

Hatua ya 2: Waarifu wa nyumbani kwa kiasi

Usiitishe harambee. Watu wa Nakuru ni wakarimu: watachanga kwa ajili ya mazishi, hospitali, karo, paa la kanisa, hata kwa kijana anayekwenda Qatar kulinda mlango. Opera haimo katika orodha hiyo, na ukifungua kundi la WhatsApp la michango utabaki humo na mweka hazina peke yenu.

Mazungumzo na shangazi hayaepukiki. Kwa kawaida huenda hivi:

"Shangazi, mwezi wa saba nakwenda opera."

"Ile ya kwenye simu?"

"Hapana, shangazi. Ni watu wanaimba jukwaani."

"Wanaimba nini?"

"Kiitaliano."

"Na wewe utaimba nini?"

"Mimi nasikiliza tu."

Atanyamaza kidogo. Kisha atasema, kwa upole mwingi, "Mwanangu, kama kuna shida kazini, sema."

Usibishane naye. Mwambie kuna ndugu wa kanisa atakupokea. Shangazi atalala. Wewe hutalala, kwa sababu sasa umesema jambo ambalo halimo kwenye fomu ya viza, na fomu ndiyo hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Onyesho la kwanza, yaani viza

Watu wengi hudhani opera huanza okestra inapopiga. Kwa msafiri wa Kenya huanza miezi kadhaa kabla, Nairobi, dirishani, na mwimbaji ni yeye mwenyewe.

Panga safari ya Nairobi kama ya vita. Ni kilomita 160 hivi, lakini barabara hiyo haihesabiwi kwa kilomita. Ondoka kabla ya alfajiri. Usishuke Kikopey kula nyama asubuhi hiyo, hata abiria wote wakishuka: karatasi zenye harufu ya mbuzi choma zinazua maswali mengine. Kikopey ni ya wakati wa kurudi.

Utalipa yuro 90, ambayo ni zaidi ya shilingi 12,000, na hazirudishwi hata ukinyimwa. Hapa utajifunza kanuni ya kwanza ya opera: unalipa kabla ya kujua nani atakufa. Utaonyesha bima ya safari ya angalau yuro 30,000, tikiti ya ndege, hoteli, barua ya mwajiri, na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Taarifa hiyo isomeke kwa mwendo wa taratibu. Laki mbili zilizoingia Jumatatu kutoka kwa mjomba zikatoka Ijumaa kurudi kwa mjomba ni hadithi fupi ambayo maafisa wa ubalozi wameisoma mara nyingi kuliko wewe.

Kisha kuna kipengele cha sababu ya safari. Fomu ya Schengen ina visanduku: utalii, biashara, kutembelea ndugu, michezo, masomo, matibabu. Katikati yake kuna kimoja kilichoandikwa "utamaduni". Kalamu yako itasita hapo. Utajiuliza kama kisanduku hicho kiliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe au kwa ajili ya wacheza ngoma. Kitie alama. Kuna starehe ndogo katika kumlazimisha mtu asome kwa makini.

Barua ya kukataliwa, ikija, huwa na sentensi maarufu inayosema kuna shaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Tafsiri yake ya mtaani ni hii: hatuoni ni kitu gani kitakurudisha Nakuru. Kwa hiyo onyesha kitu. Ambatisha hatimiliki ya ekari mbili za Subukia. Ambatisha leseni ya duka. Ukiweza, ambatisha na picha ya ng'ombe wa maziwa, umesimama naye, nyote wawili mkitazama kamera. Hakuna kifungu kinachodai ng'ombe, lakini hakuna kinachomkataza, na ukweli ni kwamba ng'ombe anayekamuliwa mara mbili kwa siku humrudisha mtu nyumbani kwa uhakika kuliko uzalendo.

Hatua ya 4: Jifunze hadithi, ingawa tayari unazijua

Watu husema opera ni ngumu kwa sababu hadithi zake haziaminiki. Malodi, wivu, kasri, mapenzi yaliyokataliwa, mtu kupigwa risasi usiku na muuaji asijulikane. Hili ni lalamiko la watu ambao hawajaishi Bonde la Ufa.

Njoro kuna kasri la mawe. Maurice Egerton, Baroni Egerton wa Tatton, alianza kulijenga 1938, likakamilika 1954, lenye ukumbi mkubwa wa dansi na kinanda cha mabomba. Inasimuliwa kwamba alilijenga ili kumvutia mwanamke aliyempenda. Mwanamke akakataa, na lodi akapiga marufuku wanawake wasikanyage ardhi yake. Alifariki 1958 bila mke. Leo siku ya Jumamosi maarusi hufika hapo kwa misafara, wakapiga picha kwenye ngazi zake, shela zikipepea. Mtunzi wa opera Verdi angelipwa pesa nyingi kwa hadithi hiyo, na angeongeza kwaya.

Ukitaka nyingine, shuka Naivasha. Kando ya ziwa, Oserian, ilikuwapo nyumba ya Lodi Erroll, mpenzi wa wake za watu, aliyekutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake nje ya Nairobi tarehe 24 Januari 1941. Mume wa mwanamke aliyekuwa naye alishtakiwa, akaachiliwa, na jawabu halijapatikana hadi leo. Shamba lile baadaye likawa la maua.

Ukishazoea hizo, Aida, opera ya Verdi utakayoitazama Verona, ni masomo ya msingi. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyechukuliwa mateka Misri, akawa mtumwa wa binti wa Farao. Wote wawili wanampenda jemadari mmoja, Radamès. Ethiopia na Misri ziko vitani. Radamès anateleza ulimi na kufichua njia ya jeshi, anahukumiwa kuzikwa akiwa hai, na Aida anajificha kaburini humo ili wafe pamoja. Wanakufa taratibu, wakiimba. Opera hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, na ndiyo iliyofungua tamasha la Verona mwaka 1913, miaka mia moja tangu Verdi kuzaliwa. Imeimbwa hapo kuliko nyingine yoyote. Kwa maneno mengine, unavuka bahari na kutoa picha ya ng'ombe ili ukasikilize habari za jirani wa Moyale.

Hatua ya 5: Vaa, lakini usizidishe

Viti vya mbele Verona ni vya watu wenye suti na lulu. Wewe utakuwa juu, kwenye mawe, pamoja na wanafunzi, wastaafu wa Kijerumani na familia zenye mikate iliyofungwa kwa karatasi. Huko hakuna anayekukagua. Hata hivyo, ukiwa Mwafrika umevaa kawaida utadhaniwa unauza kitu, na ukivaa vizuri mno utadhaniwa mwanadiplomasia au mwimbaji. Chagua kosa unaloweza kulibeba.

Pendekezo letu ni koti la mitumba. Chambua marobota vizuri na hutakosa koti la sufu la Kiitaliano, lenye lebo ya fundi wa Milan, kwa bei ya sahani mbili za pilau. Koti hilo limeshafika Italia kabla yako. Halikuomba viza kuja huku, na halitaomba kurudi. Livae kwa heshima inayokistahili kitu chenye uhuru wa kutembea kuliko mwenye nacho.

Usibebe maua ya kumtupia mwimbaji. Yametangulia. Waridi la Naivasha huchunwa asubuhi, huwekwa kwenye baridi, hupelekwa Nairobi kwa lori, hupanda ndege usiku, na mengi hupitia mnada wa Aalsmeer, Uholanzi, kabla hujamaliza kukunja nguo zako. Mkononi lina cheti cha afya ya mmea tu. Hakuna aliyeliuliza kama lina nia ya kurudi.

Hatua ya 6: Safiri kupitia nyumbani kwa Aida

Kataa matatu ya abiria 14 iliyokodiwa kukusindikiza uwanja wa ndege. Utashindwa. Watakuja, watashika mikono katika eneo la kuegesha magari, mzee mmoja ataomba kwa muda mrefu, na katika maombi hayo atamwomba Mungu akufungulie milango ya kazi. Sema amina. Hukumdanganya, hakukuuliza.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Verona. Njia nzuri ni kupitia Addis Ababa hadi Milan, kisha treni. Hivyo utasubiri usiku katika mji mkuu wa nchi ya Aida, ukizungukwa na Wahabeshi halisi wanaonunua kahawa na kukokota masanduku. Watazame vizuri. Kumbukumbu hiyo itakufaa katika Hatua ya 8.

Milan, afisa ataangalia viza, atakuangalia wewe, ataangalia viza tena.

"Umekuja kufanya nini?"

"Opera. Verona."

Hapa jambo la ajabu linaweza kutokea. Afisa Mtaliano anaweza kuwa mtu wa kwanza tangu uanze safari kukusikia na kuelewa. Anaweza kuuliza ni ipi. Ukijibu Aida, anaweza kukunja uso na kusema Nabucco ni bora. Usibishane. Umekwisha kuaminika, na hutaaminika tena hadi urudi.

Hatua ya 7: Kaa juu ya jiwe kwa saa nne

Onyesho huanza kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku na linaweza kupita saa sita. Kwenye ngazi za mawe, tikiti ya bei ya chini ikiwa haina namba ya kiti, watu hufika mapema na kukimbilia nafasi. Hapa mtu aliyezoea kupanda matatu saa kumi na moja jioni katikati ya Nakuru ana faida ambayo hakuna mtu wa Vienna anayo. Itumie kwa kiasi. Usiingie kwa dirisha.

Jiwe limechomwa na jua mchana kutwa, na saa tatu usiku bado lina moto. Saa sita limepoa, na baridi yake ina miaka elfu mbili. Wapo wanaokodisha mito ya kukalia mlangoni. Kodi. Usiseme kwamba Mkenya amezoea mabenchi.

Na kweli amezoea, na hii ndiyo siri ambayo itakubeba. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, miaka 14 tu baada ya la Verona, na kila aliyesoma hapa ama aliimba humo ama alibebwa na basi la shule kwenda kusikiliza. Alikaa benchini kutwa nzima, akasikia wimbo ule ule wa lazima ukiimbwa na shule moja baada ya nyingine, akala mkate na soda, akasubiri mwamuzi apande kueleza kwa nini sauti ya tatu ilishuka. Mtu aliyemaliza siku hiyo ana uvumilivu wa muziki ambao Ulaya huutoza pesa kuufundisha. Aida ina sehemu nne tu. Na hakuna mwamuzi.

Au yupo, ila hakai mezani. Tarehe 10 Desemba 2006, katika jumba la La Scala, Milan, tenori Roberto Alagna alianza Aida, akamaliza wimbo wake wa kwanza, akazomewa na watu wa ghorofa ya juu. Akatoka jukwaani, asirudi. Okestra haikusimama. Mwimbaji wa akiba, Antonello Palombi, akasukumwa mbele na nguo zake za kawaida, akaimba jemadari wa Misri akiwa amevaa suruali ya jinzi. Kumbuka hilo watakapokuambia kwamba hadhira ya opera ni ya watu wapole. Wewe usizomee. Mgeni mwenye viza ya siku kumi hana haki ya kuzomea.

Kuhusu makofi: wenzako wakipiga, piga. Wakinyamaza, nyamaza. Usiitikie. Ukitoka katika nchi ambako mwimbaji akiimba mstari mmoja kanisa zima linaimba wa pili, kunyamaza ndilo zoezi gumu kuliko yote. Gwaride la ushindi la sehemu ya pili litakapopigwa, na tarumbeta zikapanda, mguu wako utataka kusema kitu. Ukalie.

Utagundua pia kwamba hakuna spika kubwa. Mwimbaji wa opera hufundishwa miaka mingi ili sauti yake ipite juu ya okestra bila kushika maikrofoni. Aliyekulia karibu na uwanja wa krusedi, ambako mhubiri mmoja huwahubiria watu arobaini kwa spika za kutosha mji mzima, atadhani umeme umekatika. Haujakatika. Sogeza sikio.

Kabla ya kuanza, watu wa juu huwasha mishumaa midogo, desturi ya zamani ya hapo. Kubali mshumaa. Usimwombee mtu.

Mvua ikinyesha, wanamuziki hukimbia na vyombo vyao kwa tone la kwanza, kwa sababu fidla moja inaweza kuwa na thamani ya shamba. Hadhira husubiri. Onyesho likiwa limeshaanza, pesa hazirudi, hata kama ulisikia dakika tano. Wazungu wataanza kuhangaika na kutazama simu. Wewe umetoka mahali ambapo mvua hungojwa miezi. Funua mwavuli, ufungue mkate.

Hatua ya 8: Aida akitokea, tulia

Hili halimo katika miongozo mingine, kwa hiyo lisome mara mbili. Kwa muda mrefu, katika maonyesho mengi ya Aida, mwimbaji wa Kizungu alipakwa rangi ya kahawia au nyeusi ili aonekane Mhabeshi. Verona iliendelea na desturi hiyo hata baada ya kwingine kuiacha. Julai 2022 Angel Blue, soprano mweusi wa Marekani, alitangaza kwamba hataimba La Traviata aliyopangiwa hapo, kwa sababu tamasha hilo hilo lilikuwa likipaka rangi waimbaji wa Aida. Picha za Anna Netrebko, Mrusi, akiwa amepakwa, zilikuwa zimeenea. Onyesho lenyewe lilikuwa la Franco Zeffirelli, la tangu 2002.

Ikiwa usiku wako utaangukia onyesho kama hilo, usisimame. Usijitolee. Usimwonyeshe jirani mkono wako ili kulinganisha. Fikiria tu hesabu yake kwa utulivu: ili apatikane Mhabeshi wa jukwaani, Mrusi hupakwa rangi, naye Mhabeshi halisi uliyemwona Addis akinunua kahawa, akitaka kuja kutazama, ataombwa taarifa ya benki. Hesabu hiyo inafunga vizuri. Ni nadra opera kuwa na mantiki kiasi hicho.

Hatua ya 9: Jibu maswali ya jirani wa jiwe

Mapumzikoni bibi mmoja mstaarabu atakugeukia na kukuuliza kama wewe ni mwanamuziki. Sema hapana. Atauliza kama unasoma hapa. Hapana. Unafanya kazi hapa? Hapana. Atasita. Utamtambua: ni shangazi yako, kwa Kiitaliano.

Atauliza kama kwenu kuna opera. Mwambie ipo. Mwambie kwamba Nairobi mwimbaji wa soprano, Rhoda Ondeng Wilhelmsen, alianzisha Baraka Opera, na kwamba kundi hilo limeimba *Nyanga: Runaway Grandmother*, opera ambayo jina lake linamtaja bibi aliyetoroka. Atapenda hilo la bibi. Akiuliza kama na Nakuru ipo, mwambie kuna kasri tupu lenye kinanda, hadithi imeshaandikwa, na linangoja mtunzi.

Hatua ya 10: Rudi, ukaulizwe upya

Rudi siku iliyo kwenye tikiti. Kuna watu Nairobi watakaoshangaa.

Nyumbani kutakuwa na makundi mawili. Moja litaamini ulikosa kazi, nalo litakuhurumia na kukupa chai. Jingine litaamini uliipata na unaificha, nalo litakuomba mkopo. Usijaribu kuliunda kundi la tatu. Mchungaji atakuomba useme machache kuhusu "huduma" uliyoifanya Italia. Sema ulikesha. Ni kweli.

Wakati mwingine utakutana na Mtaliano Naivasha, amekuja kusikiliza kwaya na kutazama flamingo. Tangu Januari 2024 mtu wa namna hiyo hahitaji viza. Hujaza idhini ya mtandaoni, hulipa dola 30, akapanda ndege. Hatumwombi taarifa ya benki ya miezi sita. Hatumwombi picha ya ng'ombe. Akisema amekuja kusikiliza watu wakiimba, tunamwamini palepale, tunamletea kiti cha mbele, na mtoto mmoja anaambiwa asimame ili mgeni akae. Usimchukie. Muulize tu ameipendaje Nabucco.

Kisha anza kupanga msimu ujao. Alama za vidole ulizotoa zinaweza kutumika tena kwa miezi 59, karibu misimu mitano ya Verona, na kwa muda huo wote watakubali kwamba vidole ni vyako. Taarifa ya benki wataitaka mpya.